Muziki haulii kwenye Linux: tafuta kwanza umekwama wapi

Wimbo ukigoma kulia kwenye Linux, wengi hukimbilia kusakinisha kila kifurushi cha sauti wanachokutana nacho mtandaoni. Wengine hukata tamaa wakafuta mfumo mzima na kuanza upya. Mara nyingi jasho lote hilo humwagika bure. Kabla wimbo haujafika masikioni, kuna hatua chache tu: faili linasomwa kutoka kwenye diski, kodeki (kipande cha programu kinachofasiri umbo la faili) inalifungua, programu inaikabidhi sauti kwa seva ya sauti (PipeWire au PulseAudio), seva inaipeleka kwa ALSA, mfumo wa sauti ulio ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na ALSA inaiendesha kadi ya sauti. Ukishajua ni hatua ipi iliyogoma, kinachobaki huwa ni amri moja au mbili. Usipojua, utahangaika na spika kumbe faili ndilo bovu.

Vipimo vitatu kabla hujabadilisha chochote

Fungua terminali, andika hivi:

`speaker-test -c 2 -t wav`

Utasikia mtu akitaja spika ya kushoto, kisha ya kulia, kwa kurudiarudia. Bonyeza Ctrl+C kumnyamazisha. Ukimsikia, njia yote kuanzia seva ya sauti hadi spika ni nzima, na tatizo liko kwenye faili, kodeki au programu. Usipomsikia, achana kabisa na habari za kodeki, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya ukimya hapo chini. Amri isipotambulika, sakinisha kifurushi cha `alsa-utils`.

Kipimo cha pili: cheza kwa programu ileile wimbo mwingine ambao una hakika huwa unalia. Ukilia, mtuhumiwa ni lile faili la kwanza.

Cha tatu ndicho kinachofichua mengi, nacho ndicho watu wanachokikosea. Cheza faili lilelile kwa programu ya ukoo mwingine. Rhythmbox, Lollypop na Strawberry zote hutegemea GStreamer, mkusanyiko wa maktaba za sauti na video, kufungua sauti. VLC na mpv hutumia maktaba za FFmpeg. Ukitoka Rhythmbox ukaenda Lollypop hujapima kitu, kwa sababu zote mbili zinauliza mahali pamoja na zitapewa jibu lilelile. Ukitoka Rhythmbox ukaenda VLC, hapo umepima. Faili likilia VLC na kugoma Rhythmbox, kuna kipande cha GStreamer kinachokosekana. Likigoma kote kuwili, anza kulishuku faili lenyewe.

Programu inalalamika haina kodeki, au inauruka wimbo kimyakimya

Kwa miaka mingi MP3 ilikuwa chini ya hataza, na distro nyingi, yaani aina za Linux kama Ubuntu na Fedora, ziliogopa kuja na uwezo wa kuicheza. Mpango wa leseni za MP3 ulifungwa tarehe 23 Aprili 2017, na tangu GStreamer 1.14 ya mwaka 2018 kifungua MP3 kimo kwenye kundi la kawaida la vifurushi. Kwa hiyo leo, kwenye distro yoyote ya karibuni, MP3 ikigoma peke yake mimi huanza kukagua faili kabla ya kodeki. Zinazosumbua bado ni M4A zenye AAC, na WMA za zamani.

Kwenye Debian, Ubuntu na Linux Mint, amri ni hii:

`sudo apt install gstreamer1.0-plugins-good gstreamer1.0-plugins-bad gstreamer1.0-plugins-ugly gstreamer1.0-libav`

Kati ya hivyo vinne, kinachokosekana mara nyingi ni cha mwisho. `libav` ndicho kinachoipa GStreamer uwezo wa FFmpeg, na WMA nyingi hazifunguki bila hicho.

Ubuntu ina pia kifurushi cha jumla kiitwacho `ubuntu-restricted-extras`. Ni kizuri, ila kina mahali panapokwamisha watu wengi: katikati ya usakinishaji, skrini ya terminali hubadilika na kuonyesha mkataba mrefu wa fonti za Microsoft. Kipanya hakifanyi kazi hapo. Bonyeza Tab mpaka kitufe cha kukubali kiwake, kisha Enter. Usifunge dirisha la terminali kwa kudhani limeganda, maana kifurushi kitabaki nusunusu na apt itaanza kulalamika kila unapoitumia. Kama tayari umelifunga, `sudo dpkg --configure -a` itaendeleza pale ilipoachia.

Fedora haiweki kodeki zenye utata wa hataza kwenye hazina yake, yaani ghala la vifurushi vyake. Washa hazina ya RPM Fusion, kisha badilisha FFmpeg iliyopunguzwa kwa ile kamili:

`sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing`

Kwenye openSUSE, sakinisha `opi` halafu uendeshe `opi codecs`. Itakuletea hazina ya Packman na kuhamisha vifurushi vinavyohusika vyote kwa pamoja. Hilo la kuvihamisha kwa pamoja lina uzito: vifurushi nusu kutoka hazina moja na nusu kutoka nyingine ndio chanzo kikubwa cha matatizo ya sauti kwenye distro hiyo. Kwa Arch, ni `gst-plugins-good`, `gst-plugins-bad`, `gst-plugins-ugly` na `gst-libav`.

Ukimaliza, funga programu ya muziki kabisa, hata ile inayojificha kwenye upau wa juu, kisha uifungue tena. Ikiendelea kulalamika, futa folda ya `~/.cache/gstreamer-1.0`. Humo GStreamer huhifadhi orodha ya vipande ilivyo navyo, na orodha ikichakaa hudai haina kitu ambacho umekisakinisha sasa hivi. Itajitengeneza upya yenyewe.

Kuna jambo moja linalowapotezea watu saa nzima. Kama programu yako ya muziki ilitoka Flatpak au Snap, njia za kusakinisha programu zikiwa zimetengwa na mfumo, kodeki ulizosakinisha kwa apt au dnf haziingii humo. Programu hizo hubeba maktaba zake. `flatpak list` na `snap list` zitakuonyesha ipi ilitoka wapi, na inafaa uziangalie kabla ya kurudia amri za kodeki mara ya pili.

Faili lenyewe halichezeki popote

Herufi za mwisho za jina la faili ni lebo tu kwenye chupa, na lebo inaweza kudanganya. Mwulize Linux kilichomo ndani:

`file wimbo.mp3`

MP3 ya kweli itajibu kwa maneno kama `Audio file with ID3 version 2.3.0, contains: MPEG ADTS, layer III`, pamoja na kasi ya biti na idadi ya hezi. Sasa tazama jibu ulilolipata wewe.

Ukiona `HTML document`, hukupakua wimbo. Ulipakua ukurasa wa tovuti uliokutaka ujiandikishe au usubiri, ukahifadhiwa kwa jina la wimbo. Ukubwa wake utakuthibitishia: `ls -lh` itaonyesha kilobaiti chache, wakati wimbo wa dakika nne kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde unakaribia megabaiti 4. Ukiona `empty`, upakuaji ulikatika kabla ya kuanza. Jina likiishia na `.part` au `.crdownload`, kivinjari bado hakijamaliza, na kulibadilisha jina hakutaleta kipande kilichobaki.

Ukiona `ISO Media`, hiyo ni M4A iliyovikwa jina la MP3. Ukiona `Microsoft ASF`, ni WMA. Programu nyingi hugundua zenyewe na kucheza, ila zile zinazoamini jina pekee zitagoma. Rekebisha jina, usilibadilishe umbo bila sababu: kila unapogeuza AAC kuwa MP3 unapoteza ubora, na haurudi.

Ujumbe wa sauti kutoka WhatsApp huwa ni Opus ndani ya Ogg, na VLC au mpv huucheza bila shida. Faili la `.mid` ni jambo jingine kabisa, kwani ndani yake hamna sauti, mna maelekezo ya noti tu. Linahitaji FluidSynth pamoja na benki ya sauti, mfano kifurushi cha `fluid-soundfont-gm` kwenye Debian na Ubuntu.

Halafu yako mafaili yaliyofungwa kwa kufuli ya haki miliki. M4P zilizouzwa na iTunes kabla ya kufuli kuondolewa mwaka 2009 ni mfano, na baadhi ya WMA za kipindi hicho pia. Hakuna kodeki utakayosakinisha ikazifungua, kwa hiyo usitumie jioni yako kutafuta. Nyimbo unazohifadhi ndani ya programu za kusikiliza kwa malipo ya mwezi nazo ni hivyohivyo: zimesimbwa na hufunguliwa na programu yenyewe tu. Kama uliununua wimbo kihalali, angalia kwenye akaunti yako kama duka linakuruhusu kuupakua upya ukiwa hauna kufuli.

Faili linaloanza vizuri kisha likakatika, au likapiga kelele katikati, lipime hivi:

`ffmpeg -v error -i wimbo.mp3 -f null -`

Amri hii hulisoma faili lote bila kulicheza. Ikinyamaza mpaka mwisho, faili ni zima. Ikitema mistari ya makosa, lipakue upya au lichukue tena kwenye CD. Kwa FLAC, `flac -t wimbo.flac` ni bora zaidi, kwa sababu FLAC hubeba muhuri wa ukaguzi wa sauti yake yenyewe na itakuambia hata kasoro ndogo ambayo sikio halijaikamata.

Kama wimbo unalia vizuri lakini muda unaoonyeshwa si wa kweli, mathalani dakika 19 kwa wimbo wa dakika 4, hiyo ni MP3 yenye kasi ya biti inayobadilika ambayo kichwa chake cha taarifa kimepotea. Mlalo wa muda nao huruka ovyo ukiuburuta. Liandike upya bila kugusa sauti:

`ffmpeg -i wimbo.mp3 -c copy wimbo-mpya.mp3`

Programu haioni wimbo, au inasema huna ruhusa

Hapa jambo la kwanza ni kujua faili liko wapi. Kama liko kwenye flashi au diski ya nje, na programu yako ni ya Snap, huenda haijaruhusiwa kutoka nje ya folda yako ya nyumbani. Kwa VLC ya Snap:

`sudo snap connect vlc:removable-media`

Kwa Flatpak, fungua Flatseal (programu ya kusimamia ruhusa za Flatpak) uongeze njia ya diski hiyo kwenye ruhusa za programu. Ukipenda terminali:

`flatpak override --user --filesystem=/run/media org.gnome.Rhythmbox3`

Kwenye Ubuntu na Debian andika `/media` badala ya `/run/media`, kisha funga programu na uifungue tena.

Diski iliyotoka kwenye Windows ikigoma kufunguka, au ikifunguka kwa kusoma tu, mara nyingi Windows haikuzimwa sawasawa. Kipengele chake cha kuwaka haraka huiacha diski katika hali ya kulala badala ya kufungwa. Rudi Windows, shikilia Shift huku ukichagua kuzima, kisha uirudishe diski Linux. Kama unatumia mifumo yote miwili kwenye mashine moja, kizime kipengele hicho moja kwa moja.

Mafaili uliyonakili kwa sudo huwa mali ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. `ls -l` itakuonyesha mwenye mali, na `sudo chown -R $USER: ~/Music` itakurudishia, ukibadilisha jina la folda lilingane na la kwako. Tafadhali usiiendeshe programu ya muziki yenyewe kwa sudo ili kukwepa ruhusa. Seva ya sauti ni ya mtumiaji aliyeingia, si ya root, kwa hiyo utakuwa umetatua kosa moja na kuzalisha ukimya.

Wimbo unasonga lakini ni kimya

Dakika zinahesabika, mlalo unatembea, spika hazitoi hata mkwaruzo. Hapa sakinisha `pavucontrol`, hata kama mazingira yako yana mipangilio yake ya sauti. Hakuna kifaa kingine kinachoonyesha wazi kiasi hiki sauti imefika wapi.

Acha wimbo ukicheza, fungua kichupo cha Playback. Utaona jina la programu na chini yake mlalo unaorukaruka kufuata muziki. Mlalo ukiruka, seva inaipokea sauti. Usiporuka, programu haitoi kitu, au sauti yake imeshushwa ndani ya programu yenyewe. Programu isipoonekana kabisa, angalia kwenye mipangilio yake kama imeambiwa itume sauti moja kwa moja kwenye kifaa fulani cha ALSA.

Kisha kichupo cha Output Devices. Hapo mara nyingi utagundua kuwa sauti inakwenda HDMI, kwenye skrini isiyo na spika. Chagua kifaa kinachostahili na uweke alama ya kukifanya cha kawaida. Kifaa kisipoonekana, nenda Configuration: kadi ya sauti inaweza kuwa imezimwa au imepewa wasifu usio sahihi.

Kama mlalo unaruka hata kwenye kifaa sahihi na bado ni kimya, teremka ngazi moja hadi ALSA:

`alsamixer`

Bonyeza F6 uchague kadi halisi, kwa sababu ile inayofunguka kwanza mara nyingi ni ya kupitishia kwa seva. Tazama chini ya kila nguzo: `MM` maana yake imenyamazishwa, `OO` iko wazi. Nenda kwa mishale mpaka Master, Speaker, Headphone na PCM, ubonyeze M kwenye zote zenye `MM`, upandishe kwa mshale wa juu. Sogea kulia utafute Auto-Mute Mode. Kadi nyingine hudhani hedifoni zimechomekwa hata tundu likiwa tupu, na zikidhani hivyo huzima spika. Kuzima Auto-Mute hutibu hali hiyo. Ukiridhika, `sudo alsactl store` huhifadhi.

Kama kwenye mipangilio ya sauti unakuta kifaa kimoja tu kiitwacho Dummy Output, seva haijaona kadi yoyote na imejiwekea ya bandia. Uliza kerneli:

`aplay -l`

Ikiorodhesha kadi, basi vifaa vipo na tatizo ni seva. Jua kwanza unatumia ipi, kwa `pactl info | grep "Server Name"`. Jibu likitaja PipeWire, iwashe upya:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Likitaja PulseAudio peke yake, `pulseaudio -k` inatosha, nayo hujiwasha yenyewe. Fedora ilihamia PipeWire mwaka 2021 kwa toleo la 34, na Ubuntu ikafuata kwa 22.10, kwa hiyo maelekezo mengi ya zamani yanayokuambia uhariri mafaili ya PulseAudio hayana athari kwenye mfumo wa leo. Kama umewahi kusasisha kutoka toleo hadi toleo kwa miaka, hakikisha seva zote mbili haziwaki pamoja zikigombania kadi moja.

Ikiwa `aplay -l` yenyewe haioni kadi, shida iko chini zaidi. Kwenye laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni, kinachokosekana ni firmware za SOF, yaani programu ndogo zinazoendesha chipu ya sauti: kifurushi ni `firmware-sof-signed` kwenye Debian, `alsa-sof-firmware` kwenye Fedora, `sof-firmware` kwenye Arch. Sakinisha, uwashe kompyuta upya. `sudo dmesg | grep -i sof` itakuambia kama zimepakiwa.

Sauti inatoka, ila si nzuri

Bluetooth ikitoa muziki kama wa simu ya mezani, hedifoni zimehamia kwenye wasifu wa maongezi. Hutokea programu yoyote inapofungua maikrofoni ya hedifoni hizo. Funga mkutano wa video, kisha kwenye Configuration ya pavucontrol chagua wasifu wenye neno A2DP. Ukihitaji maikrofoni na muziki mzuri kwa pamoja, tumia maikrofoni ya laptopu.

Mikwaruzo na kukatikakatika kwa sekunde chache chache kwenye PipeWire huchunguzwa kwa `pw-top`. Namba kwenye safu ya ERR zikipanda wimbo unapocheza, kompyuta haiwahi kujaza sauti kwa wakati. Ongeza ukubwa wa kipande cha sauti kinachoandaliwa kwa mara moja:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048`

Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 43 za akiba. Kwa kusikiliza muziki hutahisi tofauti yoyote isipokuwa utulivu. Kuirudisha, weka 0 mahali pa 2048. Mpangilio huu hupotea ukiwasha upya, jambo linalofaa kwa majaribio.

Kila wimbo ukikosa sekunde yake ya kwanza, au spika zikipiga "tap" baada ya ukimya mfupi, kadi inalazwa ili kuokoa umeme. Kwa kadi zinazotumia `snd_hda_intel`, tengeneza faili `/etc/modprobe.d/sauti.conf` lenye mstari huu, kisha uwashe upya:

`options snd_hda_intel power_save=0`

Na kama umepita kote huko na bado, tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji, uingie nayo, ucheze faili lilelile. Ikilia humo, mfumo ni mzima na kinachokwamisha ni mipangilio ya zamani kwenye akaunti yako. Rudi kwenye akaunti yako, hamisha `~/.local/state/wireplumber` na `~/.config/pulse` uziweke kando bila kuzifuta, toka, uingie tena. Seva itaanza na mipangilio safi, na mafaili yako ya muziki hayataguswa.